Funguo imepotea na hutaki kuvunja kitasa? Nimejifunza kuchonga kwa kusoma alama, njooni tuongee (Mwanza)

TupaNambaNne
Wakuu habari za jioni. Kibanda chetu kipo maeneo ya Mlango Mmoja hapa Mwanza, na kabla hamjaanza, ndiyo, fundi funguo kwenye soko linaloitwa Mlango Mmoja, nimeshasikia yote, "mlango mmoja funguo ngapi", tupite hapo tafadhali.

Nina miezi nane kwa huyu mzee anayenifundisha. Miezi ya mwanzo ilikuwa mashine tu, mteja analeta funguo yake unaibana upande huu, funguo tupu (isiyochongwa meno) upande ule, dakika mbili kaondoka. Hiyo hata wewe ukija kesho utaweza. Ninachotaka kuongelea leo ni yule anayekuja mikono mitupu. Funguo imezama ziwani pale Kamanga wakati anashuka kwenye feri, au imebaki kwenye daladala ya Igoma, au mtoto kaitia chooni. Hana cha kunakili. Mafundi wengi jibu lao ni grainda halafu anakuuzia kitasa kipya. Mzee wangu anachukua funguo tupu, tupa moja nyembamba, anaomba kigoda, anakaa mlangoni kwako kama mtu anayechambua mchele, na baada ya nusu saa hivi unasikia kitu kimezunguka. Kitasa kizima na funguo mpya unayo mkononi.

Mara ya kwanza kuona nilijua ana dawa. Kumbe hakuna dawa.

Silinda ya kawaida ya mlango, au kufuli la shaba, ndani ina vishimo vitano au sita kwenye mstari. Kila kishimo kina pini mbili zimefuatana na springi nyuma yake. Funguo halali ikiingia inazisukuma pini kila moja kiasi chake, mpaka pale pini mbili zinapokutana panalingana na ukingo wa kile kipande kinachozunguka. Zote zikilingana, kinazunguka. Moja ikizidi au ikipungua, kinagoma. Sasa ukiingiza tupu ambayo haina meno inazisukuma zote kupita kiasi. Ukiizungusha kwa nguvu kidogo kuna pini itabanwa, haiendi mbele wala hairudi, na hapo ndipo utamu ulipo, ukiitikisa funguo juu chini huku umeishikilia hivyo hivyo, ile iliyobanwa inaugonga mgongo wa funguo inaacha kidoa. Zisizobanwa zinaelea tu kwenye springi zake haziachi kitu. Unachomoa unasoma, penye kidoa unapiga tupa mara mbili au tatu, unarudisha, unabana, unatikisa, unachomoa, unasoma. Pini ikifika kimo chake inaacha kuandika, unahamia inayofuata. Unaendelea hivyo hivyo hadi inazunguka.

Kwa hiyo kitasa chenyewe ndicho kinakuambia funguo yake ikoje, kazi yako ni kusoma. Ulizeni, najibu ninachojua.

ProfesaMchwa
Ni UFUNGUO mkuu. Umoja ufunguo, wingi funguo. Halafu uzi mzuri.

TupaNambaNne
Nakubali mwalimu. Ila sokoni ukisema "ufunguo" bei inapanda, wanajua umetoka ofisini.

MkweWaKirumba
Sasa wewe huoni unafundisha wezi hapa? Mwaloni Kirumba huku tunalala na injini za mitumbwi ndani kwa sababu ya hao hao, halafu unatuletea darasa.

TupaNambaNne
Mkuu sikulaumu, swali hilo hata mama yangu aliniuliza. Ila mwizi wa injini anakuja na mkasi wa bolti, sekunde kumi mnyororo chini. Hawezi kukaa nusu saa anachomoa na kurudisha funguo mara arobaini, anasoma vidoa kwa tochi, huku mbwa wanabweka. Hii kazi inataka mwanga, utulivu, na mwenye nyumba aliyesimama pembeni anakuuliza "bado?"

Na mzee ana utaratibu wake hauvukwi. Kwanza mjumbe au jirani aje aseme huyu ni mwenye nyumba. Mpangaji akija, tunampigia mwenye nyumba kwanza. Simu za saa nne usiku hatuendi kwa mtu tusiyemfahamu, na siyo woga tu, Kanuni ya Adhabu inakataza kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na askari akikukuta na begi la tupa na funguo tupu hamsini maelezo yako yatakuwa marefu.

FundiVitasaBuzuruga
Umeeleza vizuri kijana ila umeruka la muhimu. Waambie kwa nini inabanwa moja au mbili tu na siyo zote kwa pamoja.

TupaNambaNne
Shikamoo mzee. Kweli nimeruka. Vile vishimo vimetobolewa na mashine, na mashine haitoboi mstari ulionyooka kabisa, kuna kimoja kimekaa pembeni unene wa unywele au chini ya hapo. Ukizungusha, pini ya kishimo kilichozidi pembeni inabanwa kwanza. Hiyo ikishalingana, zamu inaenda kwa inayofuata. Vishimo vingekuwa vimenyooka kikamilifu hii kazi ingekufa. Kwa hiyo tunakula kwenye makosa ya kiwanda, na kila kiwanda kina makosa, cha bei rahisi yanazidi.

FundiVitasaBuzuruga
Marahaba. Hapo sawa. Niongeze tu kwamba silinda hii ya pini na funguo bapa siyo kitu kipya, ni ya Mmarekani Linus Yale mdogo, alipata hataza zake 1861 na 1865, na baba yake alishaanza na ya kwake 1848. Hao nao walichukua wazo la kale, Wamisri walikuwa na vitasa vya mbao vyenye pini za mbao zinazoanguka kwenye komeo. Sisi tunakwangua tu nyuma yao.

Kamanga_Feri
Nimeweka kiti. Ila mkuu mimi nimejaribu hiki kitu nyumbani baada ya kuangalia video, siku tatu, sioni kidoa chochote. Nimetikisa hadi mkono umevimba. Naona kama video wanadanganya.

TupaNambaNne
Hahaha karibu kwenye chama. Hii ndiyo sababu hasa ya kufungua huu uzi, maana mimi nilikaa WIKI MBILI na kufuli moja dogo nimelibana kwenye vaisi kibandani, sioni kitu. Funguo tupu kumi na moja nimeziharibu. Moja ilikatika shingo, kichwa kimebaki kwenye koleo na ulimi umebaki ndani, nikautoa kwa kipande cha msumeno wa chuma nilichokisaga kikawa chembamba, jasho linanitoka kama nimeiba.

Nilikuwa na makosa mawili na nilifikiri ni moja.

La kwanza ni nguvu. Nilikuwa nabana na koleo kama nafungua nati ya tairi. Ukibana sana pini zote zinashikwa, vidoa vinatoka kila mahali au havitoki kabisa, na shaba ya funguo ni laini, inapinda kabla kitasa hakijajibu. Unabana kiasi cha funguo kugoma, basi. Halafu kutikisa ni kwa kifundo cha mkono, siyo bega.

La pili ndilo lililonimaliza, namna ya kukiona kidoa chenyewe. Funguo tupu inakuja imepakwa nikeli inang'aa kama kijiko cha harusi. Juu ya mng'ao ule kidoa hakionekani. Kabla ya kuanza unapitisha tupa laini mgongoni kwa urefu wote, kidogo sana, hadi uone shaba yenyewe, na usawa wake uwe mmoja bila mikwaruzo mikubwa. Tupa yenyewe ni ya duara, laini, namba 4 ndiyo mzee anayoitumia (ndiyo jina langu hapa). Tupa ya fundi seremala au ile ya kunolea panga inaacha mifereji, na kidoa kinazama ndani ya mifereji hukioni hata ufe.

Hilo nilishalijua wiki ya kwanza lakini bado nikawa sioni. Siku moja asubuhi mzee akanikuta nimeinamia funguo chini ya taa ya kibanda, taa ipo juu ya kichwa changu. Hakusema kitu. Akaninyang'anya kigoda akakiweka nje mlangoni, jua la saa mbili linaingia kwa ubavu kutoka upande wa Mabatini kule, akanirudishia funguo ile ile. "Igeuze." Nikaigeuza taratibu kati ya vidole. Ghafla kwenye sehemu ya tatu kukawaka kitu. Nukta, ndogo kuliko ncha ya sindano, ikawaka ikazima. Nikaigeuza tena ikawaka tena pale pale. Na kwenye ya tano nyingine, hafifu zaidi. Vilikuwepo siku zote wakuu. Funguo zangu kumi na moja zote nilizozitupa kwenye ndoo nilizitoa nikazisoma upya pale nje, karibu zote zilikuwa na maandishi.

Kwa hiyo Kamanga_Feri usimlaumu wa kwenye video. Taa moja, itoke pembeni, wewe ugeuze funguo siyo kichwa. Ukipata kile kilenzi cha fundi saa cha kubana jichoni ndiyo raha kabisa.

Kamanga_Feri
Nimetoka nje na tochi ya simu sasa hivi. Naona michirizi mingi mirefu. Ndiyo yenyewe?

TupaNambaNne
Hapana! Michirizi inayokwenda na urefu wa funguo ni ya kuingiza na kuchomoa tu, ipuuze. Unatafuta nukta, au kistari kifupi kinachokatiza. Ukipiga tupa kwenye mchirizi utakuwa unachonga uongo na utajua kwenye raundi ya ishirini huko.

BodaIgoma
Oya chifu, funguo ya pikipiki yangu imepotea, nipe hiyo ujanja nichonge mwenyewe maana fundi kaniambia ninunue swichi nzima.

TupaNambaNne
Boda wangu, pikipiki na gari nyingi ndani hazina pini, zina vibati vyembamba vinavyotokeza pande mbili, kanuni inafanana lakini alama zake ni tofauti na zinachosha zaidi. Swichi nzima usinunue kwanza. Njoo kibandani na kadi ya pikipiki na kitambulisho, jina liwe moja. Hapa kwenye uzi sitoi darasa la pikipiki utanisamehe, kila wiki tunasikia zilizoibiwa.

BodaIgoma
Kadi ipo kwa bosi 😭

MkweWaKirumba
Umeona sasa.

FundiVitasaBuzuruga
Hahaha. Kijana eleza na kupitiliza, wengi wataangukia hapo.

TupaNambaNne
Asante mzee. Kupitiliza ni kwamba tupa imekwenda chini kuliko inavyotakiwa. Ile pini inayogusa funguo ikishuka kupita ukingo, ile ya nyuma yake ndiyo inaingia kukatiza, kitasa kinagoma tena, na safari hii hakuna namna ya kurudisha shaba uliyokwisha kuila. Ngazi moja ya kina kwenye funguo nyingi ni kama nusu milimita hivi, na kuna aina ambazo ni pungufu ya hapo, sasa piga hesabu mikono yenye njaa inaweza kula nusu milimita kwa mapigo mangapi.

Ndiyo maana nasema mapigo mawili, matatu. Mtu ana haraka anapiga kumi. Ila ukipitiliza usiitupe ile funguo! Hili nimelipata kwa uchungu. Yale meno mengine manne uliyoyapata bado ni ya kweli. Chukua tupu mpya, ibane pamoja na ile mbovu, yachonge manne yale kwa kunakili, halafu lile la tano lianze upya kutoka juu taratibu.

Kingine, miteremko. Kila jino liwe na mteremko pande zote mbili kama bonde, lisiwe shimo la kuta zilizosimama. Kuta zikisimama funguo inaingia lakini pini inadumbukia humo na kuchomoa huwezi. Niliwahi kuiacha moja kwenye mlango wa saluni ya mtu Nyakato, nimevuta hadi dada mwenye saluni akaanza kucheka, ikabidi niipigepige kichwani na mpini wa bisibisi huku naivuta, ikatoka baada ya robo saa. Mzee nilimficha. Sasa atasoma hapa.

ProfesaMchwa
Nimeona mahali kwamba Ulaya wana mashindano ya hiki kitu. Ni kweli au porojo?

TupaNambaNne
Kweli kabisa. Uholanzi na Ujerumani kuna vyama vya watu wanaopenda vitasa kama wengine wanavyopenda bao, wanakaa mezani kila mtu na kitasa cha aina moja, funguo tupu na tupa, saa inaanza, wa kwanza kuchonga inayozunguka ndiye bingwa. Wazuri wao wanamaliza kwa dakika chache tu. Mimi rekodi yangu ni dakika 47 na mteja alishaenda kunywa chai akarudi.

Ila pale meza ni safi na kitasa ni kipya. Waje huku wajaribu kufuli la mtumbwi lililokaa msimu mzima mwaloni, limejaa mchanga, kutu na magamba ya dagaa, pini mbili zimeganda haziandiki wala hazisogei. La hivyo unaanza kwa kulilowesha mafuta mepesi, unalala, kesho ndiyo unaanza kusoma. Na kitasa kilichochakaa sana nacho kinadanganya, pini zimelika vichwa, kidoa kinatoka pembeni ya pale panapotakiwa. Hapo huwa namwita mzee.

dadaNansio
Kaka habari. Mimi nipo Nansio, Ukerewe. Tuna kabati la mninga la marehemu babu, limefungwa tangu msiba mwaka jana, funguo haijulikani ilipo. Baba mkubwa anataka livunjwe mlango mimi sitaki, ni zuri sana lile kabati. Funguo zake ni zile za zamani, mti wa duara halafu kibendera mwishoni. Hizo pini zipo?

TupaNambaNne
Pole kwa msiba dada. Hapana, hilo halina pini, na afadhali yako maana la kabati mara nyingi ni rahisi. Humo kuna vikuta vya bati vilivyosimama kuzuia kibendera kisichokuwa chake kisipite, na ulimi mmoja wa kusukuma. Funguo halali ina mikato inayopishana na vile vikuta basi.

Njia yake ni ya kizamani. Tafuta funguo ya aina hiyo ambayo kibendera chake ni kizima hakina mikato, kinachoingia tundu hilo bila kucheza sana. Kipitishe juu ya mshumaa hadi kiwe cheusi masizi pande zote. Kikishapoa (usisahau, niliunguza kidole), ingiza taratibu bila kugusa kingo za tundu, zungusha mpaka igome, rudisha, chomoa. Mahali masizi yamekwanguka ndipo inapogonga. Kata hapo na tupa bapa kidogo, paka masizi upya, rudia. Ikigoma usilazimishe, bati la ndani likipinda ndiyo kweli mtavunja.

Mpe baba mkubwa shikamoo zangu, mwambie asubiri hadi Jumapili.

FundiVitasaBuzuruga
Aangalie kwanza kama kuna leva ndani, yaani kibati chenye springi kinachoinuliwa na funguo. Akizungusha ikiwa na springi inayosukuma kwa kulegea legea, ni leva, na hapo kina cha mkato kina hesabu, siyo kukata tu. Ikigonga kavu kama ukuta, ni vikuta.

dadaNansio
Nimejaribu na funguo ya jirani. Inagonga kavu.

FundiVitasaBuzuruga
Basi unaweza mwenyewe mama.

Kamanga_Feri
WAKUU. Limezunguka. Kufuli la stoo, pini tano, kazi ya masaa matatu na nusu, funguo ya sita. Mke wangu anauliza kwa nini napiga kelele usiku.

TupaNambaNne
Hongeraaa! Weka picha ya funguo, siyo ya kufuli.

Kamanga_Feri
Ni mbaya kama meno ya mamba.

TupaNambaNne
Ya kwanza huwa hivyo. Kesho ipeleke kwa yeyote mwenye mashine akunakilie kwenye tupu mpya, hiyo ya mkono imeshachoka kwa kupindwapindwa, ukiitegemea itakukatikia ndani.

dadaNansio
Jamani narudi kusema, kabati limefunguka leo mchana. Nimekata mikato miwili tu! Mshumaa umeisha nusu na pazia lina masizi. Ndani kuna mashuka, redio haina betri, karatasi za kuuza pamba za zamani sana zimefungwa na kamba ya katani, na funguo ya kabati. Imo humo ndani kwenye kikombe. Sijui ililifungaje kabati wakati yenyewe imo ndani 😂 Baba mkubwa anasema lazima kulikuwa na mbili.

MkweWaKirumba
Hahahaha nimecheka hadi dagaa wameungua.

TupaNambaNne
Hongera dada. Hiyo ya kwenye kikombe iweke kando usiitumie, nakili ipatikane ya tatu.

dadaNansio
Nakuja Mwanza na meli ya Jumamosi, nitapita hapo Mlango Mmoja. Naulizia nani?

TupaNambaNne
Ulizia mzee wa kigoda. Kigoda kipo nje, upande wa jua.